Nyumbani wanajua nipo peponi, huku nalia kila siku

SWALI

Shikamoo Anti. Mi ni msichana wa miaka 17 natokea Ifakara, saivi nipo Uswisi kwa ule mpango wa kubadilishana wanafunzi, unakaa mwaka mmoja na familia ya huku na unasoma shule ya huku. Nilikuja mwezi wa nane natakiwa kurudi mwezi wa saba. Nipo kijiji kimoja cha bonde la Seetal, kantoni ya Luzern, nyumba ina baba, mama, binti wa miaka 15 na mdogo wao wa kiume wa miaka 8. Naandika hii usiku nimejifunika blanketi gubigubi maana baada ya saa nne humu ndani hata kuvuta maji chooni naona aibu.

Nisieleweke vibaya, hawanipigi wala hawaninyimi chakula, chumba ninacho peke yangu, dirisha linaangalia ziwani siku ukungu ukitoka, ambayo siku yenyewe ni kama haipo. Shida yangu naona hawanipendi. Nipo nipo tu kama mpangaji.

Siku niliyofika walikuja eapoti na maua, nikasema hapa nimepata. Tumefika nyumbani mama wa huku akanikabidhi faili. Faili kabisa Anti, limechapwa kwenye kompyuta, saa za kula, basi linapita dakika ya ngapi, siku yangu ya kufua ni Alhamisi, takataka gani inaingia mfuko gani, Jumapili hakuna kufua wala kwenda kutupa chupa kwenye pipa la chupa. Jikoni kuna kalenda kubwa ina mistari, kila mtu wa humu ana mstari wake na jina juu, na mimi nikawekewa wangu, natakiwa kila nikitoka niandike naenda wapi narudi saa ngapi. Jamani hata bwenini sikuchungwa hivyo. Na kuna siku moja ya wiki ni zamu yangu kupika, mi mgeni Anti, napangiwa zamu!

Jioni wenyewe wanakula mkate na jibini na kahawa ya maziwa, wanaita café complet. Mara ya kwanza nikala kipande kimoja nikisubiri chakula chenyewe kije, nikashangaa wanatoa vyombo. Mama aliniuliza naongeza, nikasema hapana asante nimeshiba, si unajua ugenini, akasema sawa akafunika jibini akaweka kwenye friji. Nililala na njaa. Mpaka leo hakuna mtu amewahi kunibembeleza kula.

Shule ndo usiseme. Nilisoma Kijerumani kabla sijaja, mwalimu akifundisha naambulia, ila kengele ya mapumziko ikigonga wote wanageukia Kijerumani chao cha Kiswisi na hapo sipati hata neno. Nasimama na chai yangu natabasamu kama mjinga. Kuna msichana mmoja tunakaa dawati jirani, nikasema ngoja nimtembelee Jumamosi nimsalimie na wazazi wake, nimefika nimegonga kengele, mama yake akafungua akaniuliza tulikuwa tumepanga? Akaniacha mlangoni akaenda kumuuliza binti yake. Nikaingia, wakanipa juisi, lakini nilijisikia vibaya mpaka nikaondoka mapema.

Sasa kilichonifanya niandike. Tarehe 6 mwezi huu ni siku ya Samichlaus, mzee mwenye ndevu na joho jekundu anakuja na karanga na machungwa kwa watoto, na anafuatana na watu wake wa nguo nyeusi wanaitwa Schmutzli. Walikuja mpaka nyumbani. Schmutzli mmoja alikuwa amejipaka masizi uso mzima mweusi tii. Yule mtoto wa miaka 8 akaniangalia mimi, akamwangalia yule, akauliza kwa sauti kama huyu naye anatoka kwenu. Anti sebule nzima ikanyamaza. Baba akaangalia chini, mama akaanza kugawa karanga. Hakuna aliyesema kitu siku hiyo wala kesho yake wala mpaka leo. Mtoto simlaumu. Ule ukimya ndo umenikaa hapa kifuani. Ukichanganya na wale bibi wa kwenye basi wanaonishika nywele bila kuomba, basi tena.

Toka hapo narudi shule napanda chumbani nafunga mlango naongea na mama yangu wasap mpaka usiku. Juzi mama wa huku akaniita akasema kwa upole lakini akasema, kwamba nadhani ingekuwa vizuri ukipiga simu nyumbani mara moja kwa wiki. Nililia sana. Yaani hata mama yangu wananipangia.

Na nyumbani siwezi kusema. Nikituma picha ya theluji kila mtu anajibu hongera, mjomba anataka saa, binamu zangu wanataka simu, wanadhani nalipwa. Wenzangu niliomaliza nao form four wako form five wanasonga, mi nipo hapa najifunza kutenga takataka. Nilimwambia baba nimepata 5 ya hesabu akafoka kwamba nimeenda kutalii. Mama anasema vumilia mwanangu, wangapi wanaitamani nafasi hiyo.

Mwezi wa kwanza yule dada wa shirika anayetusimamia anakuja kikao, na tumeambiwa anayetaka kubadilisha familia aseme hapo. Nibadilishe? Au nirudi tu nyumbani? Nyumbani niliwazoea Waswisi wa kule Ifakara, madaktari na masista, walikuwa wanasalimia mpaka watoto wa barabarani, sielewi hawa wa huku wamekuwaje.

Mie wa Ifakara


JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Mara ya kwanza nimesoma barua yako roho ikaniuma, mara ya pili nikaanza kucheka, usinikasirikie, maana mimi huko nimeishi miaka mingi upande wa Bern kabla sijarudi Dar, na hilo faili nalijua. La kwangu lilikuwa na ukurasa mzima wa chumba cha kufulia, jinsi ya kufuta mashine ukimaliza na kuacha mlango wake wazi.

Sikwambii vumilia, hilo umeshaambiwa na mama. Ila na kufungasha sikwambii, si mwezi huu. Umenichanganyia mambo mengi kwenye barua moja na mengine wala hayahusiani na hiyo familia, kwaiyo ngoja nikuchambulie.

Tuanze na ukungu, maana naona hata wewe hujui kuwa nao upo kwenye kesi. Bonde lenu na lile eneo lote la chini kati ya Alps na milima ya Jura, ikifika mwezi wa kumi na moja hewa ya baridi inatuama chini, ya joto inapita juu yake, ukungu unanasa hapo katikati kama mfuniko wa sufuria, unaweza kukaa siku na siku bila kuondoka. Halafu mwezi huu wa kumi na mbili jua lenyewe linachomoza saa mbili asubuhi imeshapita na kabla ya saa kumi na moja jioni limeshazama. Wewe umetoka Ifakara, mwaka mzima jua linakuamsha saa kumi na mbili na kitu, unategemea mwili usilalamike? Usingizi mzito, kulia bila sababu, kujifungia chumbani, kutopenda watu, hayo hata Waswisi wenyewe yanawapata. Dawa yao ni kupanda juu ya ukungu. Jumamosi au Jumapili utawaona wamevaa mabuti wanaelekea milimani, ni kufuata jua tu. Kwenu karibu kuna mlima Rigi, juu kabisa ni kama mita 1,800, treni yake ya meno inapanda kutoka Vitznau tangu 1871, ya kwanza ya namna hiyo Ulaya. Mwambie baba wa huku unataka kwenda kuona jua, hivyo hivyo, utaona anavyochangamka na kutoa ramani. Ukiona huzuni haishuki hata ukilala vizuri na kutembea mchana, mwambie mama wa huku akupeleke kwa daktari, huko kwa daktari wa familia haendi mgonjwa wa homa tu.

Na uamuzi wa kurudi nyumbani usiufanye ndani ya huo ukungu. Ukitaka kuufanya ufanye mwezi wa tatu, siku zimerefuka.

Sasa faili na kalenda. Mwanangu, umeniandikia mwenyewe kwamba kila mtu wa humo ndani ana mstari wake kwenye kalenda na wewe ukawekewa wako. Mpangaji hawekewi mstari. Mgeni wa wiki mbili hawekewi mstari, anapikiwa na kuchekewa. Mama alikaa kabla hujafika akanunua kalenda yenye mistari mitano badala ya minne, akaandika jina lako, akachapa saa za basi ili usiachwe kwenye baridi, akakutafutia siku ya kufua, na kwenye majengo mengi ya huko siku ya kufua watu wanagombania kweli. Na zamu ya kupika vilevile, binti yao wa miaka 15 naye si ana zamu? Wanakutendea wanavyowatendea watoto wao. Mi najua unachokitafuta, unatafuta ile ya kwetu, mtu anakwambia jisikie nyumbani huku anakujazia sahani. Wao hawana maneno hayo mengi, kupanga ndo mapenzi yao. Hata mume na mke huko wanaandikiana kwenye kalenda tarehe ya kutoka kula pamoja.

Hiyo ya njaa nayo nikwambie. Uliulizwa naongeza, ukasema hapana, akakuamini. Kwetu mwenyeji asiyerudia kukaribisha ni mchoyo, kwao anayerudia kukaribisha hakuheshimu, ni kama anakwambia hujui tumbo lako. Kwaiyo ukitaka sema ndiyo nataka, tena sema kabisa mimi jioni nimezoea chakula cha moto, naomba nikipika mchana nibakize nipashe jioni. Hawatachukia hata kidogo. Wanachochukia ni kugundua mwezi wa tano kwamba ulikuwa unateseka na hukusema. Na zamu yako ya kupika acha kuilalamikia, ndo silaha yako hiyo! Wapikie wali wa nazi na maharage, tui la kopo lipo kwenye maduka ya Migros na Coop, maharage yapo, ugali songa kwa polenta, unga wao wa mahindi, si sawa na dona lakini mkono unaujua. Pilau viungo utapata kwenye duka la Waasia Luzern mjini. Wapikie mpaka kale kadogo kaombe tena.

Halafu mlango. Unasema ukirudi shule unapanda unafunga mlango. Nyumba ya Kiswisi mlango uliofungwa unamaanisha niacheni, na watakuacha kweli, wiki, mwezi, mpaka urudi Ifakara. Wao huenda wanajiuliza tumemkosea nini huyu binti mbona hataki kukaa na sisi. Homuweki fanyia mezani jikoni. Baada ya kula usikimbie, omba baba akufundishe Jass. Ni karata za kwao, kadi 36, na huko Luzern wanatumia zile zenye kengele, maua, ngao na tunda la mwaloni, siyo kopa na uru tulizozizoea. Mtu wa huko asiyeongea kwa miezi ukimwekea Jass mezani anaanza kupiga kelele na kukutania. Mi mama mkwe wangu (ndiyo, niliolewa huko, hiyo hadithi ya siku nyingine) tulikuwa hatuna la kuongea kabisa mpaka tulipoanza kucheza, na akawa ananiibia waziwazi.

Lugha ndo inakusumbua kuliko unavyokiri. Kijerumani cha darasani na cha kwenye mapumziko ni vitu viwili, hukukosea popote, hata Mjerumani wa Berlin akifika hapo anatoa macho. Ujanja ni huu, usihangaike kukiongea, hangaika kukisikia tu, wewe jibu kwa Kijerumani chako cha shule, hivyo ndo wageni wengi wanaishi na hakuna anayeshangaa. Kwenye televisheni yao ya SRF taarifa ya habari inasomwa kwa Kijerumani sanifu lakini utabiri wa hali ya hewa, Meteo, wanautangaza kwa lugha yao ya mtaani, ni mfupi, una ramani na picha, maneno yanajirudia kila siku. Kaa na familia uangalie huo. Mvua, ukungu, theluji, mita ngapi, kesho asubuhi. Ukishayanasa hayo sikio linaanza kukamata na mengine, na wao kama watu wa Pwani wanapenda sana kuongelea upepo na mvua, kwaiyo utapata cha kuchangia.

Marafiki: usiwasubiri darasani. Huko mtu hapati rafiki kwa kusimama na chai, anapata kwa kufanya naye kitu kila wiki siku ileile saa ileile. Ndo maana kila kijiji kina vyama, cha mazoezi ya viungo, cha mpira, cha kwaya, na upande wenu wa Kikatoliki kuna Blauring, chama cha wasichana cha parokia, wanacheza, wanapiga kambi. Na kuna bendi za Guggenmusik, matarumbeta na ngoma kwa makusudi nje ya tuni, zinafanya mazoezi ya Fasnacht, sherehe ya vinyago ya mwezi wa pili. Pengine mwaka huu umechelewa kujiunga, uliza hivyohivyo. Ukikosa nafasi, basi ile Alhamisi ya kufungua Fasnacht wanayoiita Schmutziger Donnerstag, alfajiri saa kumi na moja uwe Luzern mjini, mlipuko mmoja unapigwa na mji mzima unatoka na vinyago. Utawaona haohao wa sebuleni wanaoangalia chini wamevaa manyoya na pembe wanacheza barabarani. Hutawaelewa zaidi lakini utawapenda.

Yule msichana wa dawati jirani hajakukataa. Mama yake kuuliza mmepanga ni kama wetu kuuliza kwema? Wiki ijayo mwambie Jumamosi saa nane una nafasi? Halafu fika saa nane, siyo na robo.

Sasa hili la Schmutzli nataka tulitenge na mengine yote, maana yale niliyosema juu ni mila na unaweza kuyazoea, hili sikwambii ulizoee. Wenyewe watakwambia yale ni masizi tu ya kwenye bomba la moshi, ni desturi ya zamani, hakuna nia mbaya, na wengi wanaamini hivyo kwa dhati. Wengine haohao wa Uswisi wameshaanza kusema huo uso mweusi uachwe, na sehemu nyingine Schmutzli anakuja na uso wake wa kawaida. Wewe hulazimiki kuamua nani yupo sahihi kwenye huo mjadala. Kilichokuumiza ni kwamba watu wazima wawili waliona na wakanyamaza. Nakubaliana na wewe, walitakiwa kuongea. Ninavyowajua hawakunyamaza kwa dharau, walinyamaza kwa aibu, aibu ya huko haina maneno, na kila siku inayopita inazidi kuwa nzito kuianza. Kwaiyo ianze wewe. Siyo haki kwamba mtoto ndo aanze, najua, lakini ukiwasubiri mtamaliza mwaka.

Usiwavamie mezani. Waambie baba na mama nataka kuongea na nyinyi kesho jioni, nusu saa, andika hata kwenye kalenda, wataelewa ni jambo zito. Halafu sema kwa ufupi, kwa Kijerumani chako hichohicho: ile tarehe 6 niliumia, sikuumizwa na mdogo wangu, niliumia kwa sababu hakuna aliyesema kitu. Nyamaza hapo. Usijaze maneno, usiwaonee huruma ukaanza kusema lakini si kitu. Waache wao waongee. Na uwaombe wamweleze mtoto wenyewe, siyo kazi yako kumfundisha. Jibu watakalokupa siku hiyo ndo litakwambia kama unatakiwa kubadilisha familia, kuliko faili, kuliko mkate wa jioni, kuliko vyote ulivyoorodhesha. Wakikusikiliza, hata kama ni kwa kigugumizi, kaa. Wakikwambia unakuza mambo, mwambie dada wa shirika kikaoni, na umwambie kwa nini, uhame bila kujisikia mkosaji.

Bibi wa nywele, sogeza kichwa, sema bitte nicht, yaani tafadhali usifanye hivyo, tabasamu si lazima.

Na kwa sababu wasomaji wengine wana watoto nje, niseme hapahapa: ukinyimwa chakula, ukishikiliwa pasipoti, ukigeuzwa yaya wa nyumba, au mtu yeyote akikugusa usivyotaka, hakuna kusubiri kikao cha mwezi wa kwanza, unapiga simu kwa msimamizi siku hiyohiyo, asipopokea unampigia mwingine wa shirika au mwalimu shuleni. Kwako sioni hata kimoja katika hivyo.

Simu ya nyumbani. Mama wa huku amekosea kipimo lakini hajakosea hoja. Mara moja kwa wiki kwa binti wa kwetu ni kidogo, mi nisingekubali. Lakini kila usiku nako kunakumaliza, kichwa kinakuwa Ifakara mwili Seetal. Tena fikiria, saa nne ya huko ni saa sita usiku kwa mama yako, unamkesha mwanamke wa watu, halafu asubuhi anaamka na wasiwasi wako. Rudi kwa mama wa huku umwambie nimefikiria, naomba Jumatano na Jumapili, saa moja jioni. Wanapenda sana kujadiliana kwa namba na siku, utaona. Meseji fupi za mchana hazihesabiwi.

Na mama yako mwambie ukweli wote, wa Schmutzli pia. Anasema vumilia kwa sababu anaona theluji tu.

Baba mwambie leo hii: shule za Uswisi alama ya juu ni 6, ya kufaulu ni 4, ya chini kabisa ni 1. Binti yake amepata 5 ya hesabu kwa lugha ya kigeni ndani ya miezi minne, atulie. Mfafanulie taratibu, yeye alisikia tano ya mia! Suala la form five waulizeni wewe na baba mapema kwenye shule mnayoitaka, mwezi wa pili wa tatu hivi, mjue nafasi yako inakaaje na karatasi gani utatakiwa uje nazo, usisubiri umeshapanda ndege. Mjomba na saa yake mjibu mi ni mwanafunzi sina mshahara, halafu usijieleze zaidi ya hapo. Binamu wapelekee chokoleti ukirudi, Uswisi hiyo haina udhuru.

Umeuliza kwa nini Waswisi wa Ifakara walikuwa wanasalimia kila mtu. Mwanangu, wale walifundishwa na bibi zako. Walifika wakiwa hivyohivyo kama hao wa sebuleni kwako, wakakaa, wakagongewa milango bila miadi miaka thelathini mpaka wakazoea. Na hapa nina habari ambayo nashangaa hakuna aliyekwambia: unakaa Seetal, na Baldegg ipo humohumo bondeni, ndo nyumba kuu ya masista wa Baldegg, haohao waliokuja kwetu mwaka 1921 wakafanya kazi kule Mahenge na Ifakara. Nenda, uliza kama yupo sista mzee aliyewahi kuishi huko kwenu, wapo waliorudi na Kiswahili chao kichwani na hawana wa kuongea naye. Mpelekee wali wa nazi kwenye bakuli. Ila mwanangu nakuomba, piga simu kwanza uombe miadi.